Shajara ya mradi: arifa za barua pepe na ulinzi wa kuingia kwenye mfumo wa uchapishaji

Tovuti inaendeshwa kwa WordPress na ina ngazi nne za watumiaji: wachangiaji, waandishi, wahariri na wasimamizi. Kazi ilifunguliwa kwa malalamiko mawili. La kwanza, wahariri hawapati arifa za rasimu mpya, au wanazipata mara mbili. La pili, watu walioondoka bado wanapokea rasimu ambazo hazijatoka. Moja linaonekana la barua pepe, jingine la ruhusa, lakini yote yameingia shajara moja. Mwenye kikasha ndiye anayepokea kiungo cha nenosiri jipya, kwa hiyo barua pepe ni ufunguo wa akiba wa mfumo mzima na haiwezi kutengenezwa kando.

Siku ya 1: kupima kabla ya kugusa

Barua za majaribio zimetumwa kwa watoa huduma watatu tofauti, kisha tukafungua chanzo cha kila barua na kusoma mstari wa `Authentication-Results`. Yote mitatu inasema vilevile: `spf=softfail`, `dkim=none`, `dmarc=none`. SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, DKIM ni sahihi ya kidijitali ya barua, na DMARC ni sera ya kikoa juu ya barua zisizothibitishwa na hizo mbili. Hakuna fumbo hapo. `wp_mail()`, msimbo wa WordPress wa kutuma barua, isipoelekezwa kwingine hutumia `mail()` ya PHP (lugha iliyoandikiwa WordPress), ambayo huikabidhi barua kwa programu ya kutuma barua iliyo kwenye seva yenyewe, na mtumaji huandikwa `wordpress@` likifuatiwa na kikoa. Machoni pa mpokeaji hiyo ni barua isiyo na sahihi, inayotoka kwenye seva ambayo SPF haiitambui.

`wp_mail()` ikirudisha `true`, maana yake barua imekabidhiwa. Haimaanishi imefika. Programu-jalizi iliyokuwepo ilikuwa inaandika "imetumwa" kwa rangi ya kijani hata kwa barua zilizozama. Imeondolewa. Sasa tunaandika jibu lenyewe la seva ya SMTP (itifaki ya kutuma barua), pamoja na kosa lolote linalotoka kwenye tukio la `wp_mail_failed`.

Siku ya 2: SMTP

Utumaji umehamishiwa kwa mtoa huduma wa SMTP, poti 587 yenye STARTTLS (usimbaji unaoanza baada ya kuunganishwa). Poti 465, ambayo husimbwa tangu mwanzo wa muunganisho, ingefaa vilevile. Poti 25 haikujaribiwa, kwa kuwa wenye seva wengi huifunga kwa barua zinazotoka.

Nenosiri la SMTP limewekwa kwenye faili la mipangilio `wp-config.php` (ruhusa 640: husomwa na mwenyewe na kundi lake tu), si kwenye hifadhidata. Nakala za hifadhidata husafiri: hupelekwa kwenye seva ya majaribio, hupakuliwa kwenye kompyuta ya mtu, husahaulika humo. Mtumaji sasa ni `arifa@example.org` badala ya `wordpress@`.

Siku ya 3: DNS

Kwenye DNS, daftari la mtandao la rekodi za vikoa, kikoa kimekutwa na rekodi mbili za SPF, ya zamani na iliyoongezwa siku ya 2 kwa ajili ya SMTP. Kikoa kinaruhusiwa rekodi moja tu. Zikiwa mbili, jibu ni `permerror` (kosa la kudumu), hata kama kila moja peke yake ni sahihi. Zimeunganishwa. Kisha tukahesabu maulizo ya DNS, kwa sababu SPF inaruhusu yasiyozidi 10. `include`, `a`, `mx`, `exists` na `redirect` zinahesabiwa, na kila `include` huja na yaliyo ndani yake. `ip4`, `ip6` na `all` hazihesabiwi. Tulikuwa juu ya kikomo kwa sababu ya huduma mbili ambazo hazitumiki tena. Zimetolewa.

Ufunguo wa DKIM wa biti 2048 umetusumbua. Kipande kimoja cha maandishi ndani ya rekodi ya TXT (rekodi ya maandishi ya DNS) hakizidi herufi 255, na ufunguo huu unazidi hapo. Paneli ya DNS iliukata kimyakimya. Dalili: rekodi ipo, inaonekana vizuri ukiitupia jicho, lakini uhakiki unashindwa. Dawa ni kuugawa vipande viwili, kila kimoja kwenye alama zake za kunukuu, ndani ya rekodi ileile, bila kuingiza nafasi katikati ya herufi za ufunguo. Kisha kagua kwa `dig +short TXT s1._domainkey.example.org` na ulinganishe herufi za mwisho, maana ndizo zinazopotea.

DMARC imeanza na `p=none` (usizuie kitu, ripoti tu) na anwani ya `rua` ya kupokea ripoti. Barua ya kwanza baada ya hapo: `spf=pass`, `dkim=pass`, `dmarc=pass`. Lakini SPF hapo haikuchangia chochote kwenye DMARC. `Return-Path` (anwani ya kurudishia barua zisizofika, ambayo ndiyo SPF huikagua) ni ya kikoa cha mtoa huduma, si chetu, kwa hiyo hailingani na `From`, mtumaji anayeonekana. Kilichobeba mzigo ni DKIM yenye `d=example.org`. Sahihi ikiharibika siku moja, hakuna cha pili cha kuegemea. `Return-Path` ya kikoa chetu imeombwa kwa mtoa huduma.

Siku ya 5: kwa nini arifa zinakuja mara mbili

Msimbo wa zamani ulining'inizwa kwenye `save_post`, tukio linaloitwa kila makala inapohifadhiwa. Kihariri cha bloku huhifadhi makala kupitia REST (njia ya programu kuongea na tovuti), na kama kuna programu-jalizi yenye visanduku vya mtindo wa zamani chini ya makala, hutuma ombi la pili kwa ajili ya visanduku hivyo. Kubonyeza mara moja kunazaa `save_post` mbili, na arifa mbili.

Tumehamia `transition_post_status`, ambayo hutoa hali ya zamani na hali mpya. Nayo ina mtego wake: huitwa hata pale hali hizo mbili zinapofanana, mathalani mhariri anaposahihisha koma kwenye makala iliyokwisha kutoka. Mstari wa kwanza wa msimbo wetu kwa hiyo ni kulinganisha: zikiwa sawa, toka. Mstari wa pili: aliyefanya tendo hapelekewi arifa ya tendo lake mwenyewe.

Siku ya 6 na 7: foleni

Barua ilikuwa inatumwa ndani ya ombi lilelile la kuchapisha. PHPMailer, iliyo chini ya `wp_mail()`, husubiri hadi sekunde 300 isipoambiwa vingine. Seva ya SMTP ikizubaa, kitufe cha Chapisha kinazunguka, mhariri anabonyeza tena, na kasoro ya siku ya 5 inajirudia kwa njia nyingine. Muda umeshushwa hadi sekunde 15. Zaidi ya hapo, ombi la kuchapisha halitumi barua tena: linaandika safu kwenye jedwali la foleni na kuondoka.

Safu ina tukio, namba ya makala, namba ya toleo, mpokeaji, hali, idadi ya majaribio na saa ya kujaribu tena. Vinne vya mwanzo kwa pamoja ni ufunguo wa kipekee, kwa hiyo hifadhidata yenyewe inakataa arifa ya pili ya jambo lilelile.

Jibu la SMTP linaloanza na 4 ni la muda, kama seva ya mpokeaji inayokataa mara ya kwanza makusudi ili ione kama utarudi. Tunajaribu tena baada ya dakika 5, 15, 60, kisha saa 6. Linaloanza na 5, kama 550 5.1.1 la anwani isiyokuwepo, tunasimama hapo hapo na kuitia anwani alama. Kuendelea kugonga anwani mfu kunashusha hadhi ya kikoa chote.

WP-Cron, kipanga kazi cha WordPress, haiendeshwi na saa. Husubiri mtu afungue ukurasa, na usiku tulivu foleni inalala. `DISABLE_WP_CRON` imewekwa `true`, na kazi imewekwa kwenye crontab (ratiba ya kazi ya seva) ya mtumiaji wa seva ya wavuti, si ya root, msimamizi mkuu wa seva:

`* * * * * flock -n /tmp/foleni.lock wp cron event run --due-now --quiet --path=/var/www/tovuti`

`flock -n` inazuia mzunguko mpya kuanza wakati wa nyuma haujamaliza. Hatukuitegemea peke yake. Kabla ya kutuma, kila safu hubadilishwa kutoka "inasubiri" kwenda "imeshikwa" kwa UPDATE (amri ya hifadhidata ya kubadilisha safu) yenye sharti, na ikiwa hakuna safu iliyoguswa, mwingine ameshaichukua. Safu iliyoshikwa zaidi ya dakika 10 haitumwi tena yenyewe. Inawekwa pembeni ikaguliwe, kwa sababu huenda barua ilitoka na mchakato ukafa kabla ya kuandika matokeo.

Siku ya 8: ruhusa ikaguliwe wakati wa kutuma

Hapa ndipo malalamiko ya pili yalipozaliwa. Orodha ya wapokeaji ilikuwa maandishi matupu ya anwani kwenye ukurasa wa mipangilio, bila uhusiano wowote na akaunti. Mtu anafutwa kwenye mfumo, anwani yake inabaki. Na barua yenyewe ilibeba rasimu nzima.

Sasa foleni inahifadhi namba ya mtumiaji, si anwani. Anwani na ruhusa vinatafutwa sekunde ya kutuma. Arifa iliyokaa saa 6 ikisubiri jaribio la nne inaweza kumkuta mtu ameshaondolewa.

Toleo la kwanza la ukaguzi lilikuwa swali moja kwa arifa zote: `user_can( $mpokeaji, 'edit_post', $makala )`. Lilifanya kazi vizuri kwa wahariri. Kwa wachangiaji, arifa ya "makala yako imechapishwa" ikatoweka kabisa, bila kosa lolote kwenye kumbukumbu. Mchangiaji anaruhusiwa kuhariri makala yake ikiwa rasimu, lakini ikishachapishwa swali hilo hugeuka kuwa `edit_published_posts`, uwezo ambao ngazi ya mchangiaji haina. Makala iliyopangiwa saa ya kutoka nayo ni hivyohivyo. Yaani kwa tendo lenyewe la kuchapisha, mwenye makala hupoteza haki tuliyokuwa tunaiulizia. Kwa hiyo kila tukio sasa lina swali lake. Rasimu iliyowasilishwa: je, anaweza kuihariri? Makala iliyochapishwa: je, ndiye mwandishi wake, na akaunti bado ina ngazi? Arifa iliyozuiwa huandikwa "imezuiwa: ruhusa", ili ukimya usionekane kama hitilafu.

Ndani ya barua hakuna tena maandishi ya makala. Kuna kichwa cha makala, jina la aliyetenda, na kiungo kinachodai kuingia. Makala zilizotiwa alama ya siri hazitaji hata kichwa, zinasema "Makala namba 4127", kwa sababu kichwa cha habari ndicho kinachojitokeza kwenye skrini ya simu iliyofungwa.

Siku ya 10: viungo vinavyotenda

Programu-jalizi ya idhini iliweka ndani ya barua kiungo cha "Idhinisha". Ukikifungua, makala inaidhinishwa bila kuingia. Tumeikuta makala iliyoidhinishwa sekunde 3 baada ya barua kutoka. Kumbukumbu za seva:

`HEAD /?idhinisha=4127&tokeni=… 200`
`GET /?idhinisha=4127&tokeni=… 200`

Hakuna binadamu anayetuma HEAD (kuuliza vichwa vya ukurasa tu) kisha GET (kuufungua ukurasa) ndani ya sekunde moja. Ni mashine ya kukagua barua upande wa mpokeaji, inayofungua kila kiungo kutafuta ukurasa wa hadaa. Inafanya kazi yake. Kosa ni letu kuruhusu GET ibadilishe kitu.

Kiungo sasa kinafungua ukurasa wa kuingia, kisha ukurasa wa makala, na idhini ni kitufe kinachotuma POST (ombi la kubadilisha kitu) yenye nonce (tokeni ya muda). Nonce ya WordPress hufungamana na mtumiaji na kipindi chake cha kuingia, na haivuki saa 24. Kiungo kikisambazwa kwa mtu mwingine hakimpi chochote.

Kiungo cha kubadilisha nenosiri hakina tatizo hilo: kukifungua hakukitumii, kinaisha pale tu nenosiri jipya linapohifadhiwa. Muda wake wa kawaida ni siku nzima. Tumeupunguza hadi saa 1 kwa kichujio cha `password_reset_expiration`. Pendekezo la dakika 15 limekataliwa, kwa kuwa seva zinazochelewesha barua ya kwanza kwa makusudi zingekula muda wote huo na mtu angepokea kiungo kilichokwisha kufa.

Siku ya 11: nani ana funguo

`wp user list --role=administrator --fields=ID,user_login,user_email,user_registered` imeonyesha wasimamizi wengi kuliko kazi ya usimamizi iliyopo, pamoja na akaunti moja ya pamoja. Akaunti ya pamoja haina mtu wa kuuliza. Imevunjwa na kila mtu amepata yake. Wasimamizi wamebaki wawili.

Wengi hudhani ngazi ya mhariri haina hatari. Kwenye tovuti moja, isiyo ya mtandao wa tovuti nyingi, mhariri ana `unfiltered_html`: anaweza kuweka hati ya JavaScript ndani ya makala, na hati hiyo ikafanya kazi kwenye kivinjari cha msimamizi anayeifungua. `DISALLOW_UNFILTERED_HTML`, inayozima uwezo huo, ilijaribiwa kwenye seva ya majaribio. Ikaondoa kila `iframe` (dirisha la ukurasa mwingine ndani ya makala) iliyobandikwa kwa mkono mara makala ya zamani ilipohifadhiwa upya. Video zilizowekwa kwa anwani tupu kwenye mstari wake hazikuguswa. Haijawashwa kwenye tovuti hai hadi makala hizo zigeuzwe. `DISALLOW_FILE_EDIT` imewashwa mara moja, hakuna anayehitaji kuhariri PHP kwenye kivinjari.

Utaratibu wa anayeondoka, kwa mpangilio huu: ondoa ngazi, kisha `wp user session destroy jina --all`, kisha `wp user application-password delete jina --all`. Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika. Nenosiri la programu, la kutumiwa na programu za nje badala ya mtu, lililoingia WordPress 5.6, haliguswi na kubadilisha nenosiri kuu. Akaunti yenyewe haifutwi, makala zake zibaki na mwenyewe.

Siku ya 13: hatua mbili

Uthibitishaji wa hatua mbili ni lazima kwa wahariri na wasimamizi, kwa programu ya simu inayotoa tarakimu 6 kila sekunde 30. Msimbo wa kutumwa kwa barua pepe umekataliwa. Kiungo cha nenosiri jipya kinakwenda kwenye kikasha hichohicho, kwa hiyo aliyekiteka kikasha ana hatua zote mbili mkononi. Msimbo sahihi ukikataliwa, angalia saa ya seva kwanza kwa `timedatectl`. Misimbo ya akiba ni 10, huonyeshwa mara moja tu. Muda wa kujiandaa siku 7.

Nenosiri la programu halipiti kwenye hatua ya pili. Kwa akaunti za wasimamizi limezimwa kabisa. Linabaki kwa akaunti moja ya ngazi ya mwandishi inayotumiwa na mashine.

Kikomo cha majaribio: 5 kwa dakika 15 kwa kila jozi ya akaunti na anwani ya IP. Kufunga kwa akaunti peke yake kungempa adui uwezo wa kuwafungia wahariri nje kwa kukosea makusudi. Saa moja baada ya kuwashwa, kila mtu alifungiwa, kwa sababu tovuti iko nyuma ya seva wakala (inayopokea maombi kwa niaba yake) na PHP iliona IP moja kwa wote. `X-Forwarded-For`, kichwa ambamo wakala huandika IP ya mgeni, sasa inasomwa, lakini tu ikiwa ombi limetoka kwa wakala wetu. Vinginevyo yeyote angejiandikia IP anayotaka. `xmlrpc.php`, mlango wa zamani wa programu za nje, imefungwa, baada ya kumbukumbu za siku 30 kuonyesha hakuna kifaa chetu kinachoitumia.

Siku ya 15: arifa za usalama

Zimebaki tano: kuingia kutoka kifaa kipya, anwani ya barua pepe kubadilishwa, hatua ya pili kuzimwa, msimamizi mpya, nenosiri la programu kutengenezwa. Arifa ya kila kuingia ilikuwepo na hakuna aliyekuwa akiisoma. Arifa ya anwani kubadilishwa inakwenda kwa anwani ya zamani, maana mpya huenda ni ya mwizi. Hizi haziwezi kuzimwa na mtumiaji na haziingii kwenye muhtasari wa siku.

Zina foleni yake pia. Barua za wasomaji waliojiandikisha zilikuwa zikizitangulia, na mtu aliyeomba nenosiri jipya alisubiri hadi orodha nzima iishe.

Vichwa vilivyoongezwa: `Auto-Submitted: auto-generated`, ili majibu ya "niko likizo" yasirudi kwenye kikasha cha arifa, na `References` moja kwa kila makala ili arifa zake zikae uzi mmoja. Kwa barua za wasomaji pekee, `List-Unsubscribe` na `List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click` (za kujiondoa kwenye orodha kwa kubofya mara moja), zote mbili ndani ya sahihi ya DKIM. Gmail na Yahoo wanazidai kwa wanaotuma kwa wingi tangu 2024. POST hiyo lazima ifanye kazi bila kuingia, kwa hiyo tokeni yake haina uwezo mwingine zaidi ya kutoa anwani kwenye orodha. Kiungo kinachoonekana ndani ya barua hufungua ukurasa wenye kitufe, kwa sababu ileile ya siku ya 10.

Siku ya 22: ripoti za DMARC

Ripoti huja kila siku zikiwa XML iliyobanwa. Chanzo kimoja kilikuwa kinashindwa uhakiki wa DMARC bila kukoma: seva ya tovuti yetu wenyewe. Fomu ya mawasiliano ilikuwa inatuma kwa njia ya zamani ya PHP, ikikwepa SMTP, na kuweka anwani ya kikoa chetu kwenye `From` bila sahihi ya DKIM. Fomu sasa inapita SMTP, `From` ni yetu na ya mgeni iko kwenye `Reply-To`.

Siku ya 30: hali ilivyo

`p=quarantine` (barua zinazoshindwa zitengwe kama taka) imewekwa baada ya siku saba za ripoti safi. Foleni haina safu iliyoshikwa. Yanayosubiri ni `Return-Path` ya kikoa chetu, ambayo mtoa huduma hajaiwasha, na makala za zamani zenye `iframe`, zinazogeuzwa kuanzia mpya kwenda za nyuma. `p=reject` (zikataliwe kabisa) haitagusa DNS kabla ya la kwanza kukamilika.